Maswali ya Wasomaji: Parachuti za Vita Kuu ya Pili na Mikanda Yake

Safu ya mwezi huu inajibu barua zilizotufikia kuhusu parachuti za kijeshi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Karibu zote zinauliza jambo moja: mtu atajuaje kwamba kitu alichouziwa au alichorithi ni kile hasa kinachodaiwa kuwa? Majibu yangu yatarudi mara kwa mara kwenye umbo na ushonaji kabla ya kufika kwenye maandishi, kwa sababu mhuri wa uongo hugongwa kwa dakika moja, ilhali muundo ulioamua jinsi parachuti itakavyofunguka hewani ni kazi kubwa kuuiga.

Katika soko la vitu vya kale nimeonyeshwa kitambaa cheupe cha mviringo chenye kamba. Muuzaji anasema ni hariri, na kwamba kilimshusha askari wa miavuli huko Normandy, Ufaransa, mwezi Juni 1944. Nianzie wapi kukikagua?
*Msomaji, Leicester, Uingereza*

Anza kwa kuhesabu kamba, kisha upime upana wa kitambaa kikiwa kimetandazwa chini. Parachuti kuu ya askari wa miavuli wa Marekani iliyoitwa T-5, na ile ya Waingereza iliyoitwa X, zote zilikuwa na kipenyo cha futi 28, yaani takriban mita 8.5, na kila moja ilikuwa na kamba 28. Parachuti za marubani na wanahewa wengine, ambazo zilikaliwa kama mto wa kiti au kuning'inizwa kifuani, kwa kawaida zilikuwa za futi 24 na kamba 24. Ukihesabu kamba 30 kwenye kitambaa kikubwa cha futi 35, unatazama T-10 ya Marekani, ambayo iliingia jeshini katika miaka ya 1950, na hapo mazungumzo kuhusu Normandy yamekwisha.

Kamba 24 zisikufanye uamue haraka kwamba hicho ni kifaa cha rubani. Vitambaa vingi vinavyopitishwa sokoni kama parachuti za askari vilishusha mizigo. Parachuti ya mizigo ya Marekani iliyoitwa G-1 ilikuwa pia ya futi 24, ikashonwa kwa pamba au rayoni, mara nyingi ikiwa na rangi nyekundu, buluu, njano au kijani, ili walioko ardhini watambue kutoka mbali ni sanduku la risasi, la dawa au la chakula. Nyingine ziliachwa nyeupe, na hizo ndizo zinazowaponza wanunuzi. Ziguse: kitambaa chake ni kizito na kikavu zaidi mkononi, na mishono yake ni ya kazi ya haraka, kwani aliyezishona alijua kwamba kinachoning'inia chini ni kreti.

Rangi nyeupe inanitia shaka nyingine. Kufikia Juni 1944 parachuti kuu za Wamarekani waliorukia Normandy kwa kawaida zilikuwa na mabaka ya kijani ya kujificha, na nyeupe ilikuwa ile ndogo ya akiba iliyofungwa tumboni. Hata ukiletewa yenye mabaka, angalia yanavyokutana na mishono. Kitambaa kilichapwa rangi kikiwa bado kwenye jora, ndipo kikakatwa na kushonwa, kwa hiyo baka hukatika ghafla kwenye mshono na upande wa pili huanza baka jingine. Rangi inayovuka mshono bila kukatika ilipakwa baada ya kushonwa. Huo si uthibitisho kamili wa udanganyifu, lakini ni sababu tosha ya kumuuliza muuzaji maswali magumu.

Kuhusu hariri, neno hilo limeshikamana na parachuti kiasi kwamba wauzaji hulitaja bila kufikiri. Marekani ilitegemea hariri ya Japani, na mlango huo ulipofungwa mwaka 1941 viwanda viligeukia nailoni. Tarehe 6 Juni 1942, karibu na Hartford katika jimbo la Connecticut, Adeline Gray wa kampuni ya Pioneer aliruka kutoka kwenye ndege akitumia parachuti ya nailoni kuonyesha kwamba inaaminika, na kuanzia hapo nailoni ilienea upesi. Jumba la Taifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani mjini Washington limehifadhi gauni la harusi ya mwaka 1947 lililoshonwa kutokana na parachuti iliyomwokoa rubani wa ndege ya B-29 mwaka 1944; magauni ya aina hiyo kila mtu huyaita ya hariri, lakini hilo ni la nailoni. Kwa hiyo parachuti ya Kimarekani ya mwaka 1944 ikiitwa hariri, swali la kwanza ni kama muuzaji anajua anachokishika. Kwa upande wa Waingereza, hariri, pamba na nailoni zote zilitumika.

Ikiwa kitambaa ni chako, chomoa uzi uliokwisha kulegea kwenye pindo na uuchome kwa kibano mbali na kitambaa chenyewe. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, nailoni huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, na pamba huungua kama karatasi. Usifanye jaribio hilo kwenye bidhaa ya mtu mwingine, wala usikate kipande kizima kwa ajili yake.

Jambo la mwisho kwako ni hili: kitambaa peke yake hakiwezi kuthibitisha kwamba kilikuwa Normandy. Muundo unaweza kukueleza aina na kipindi. Mahali kilipotumika huthibitishwa na karatasi, picha au jina la askari linaloweza kufuatiliwa, na pasipo vitu hivyo, lipa bei ya kitambaa na uiache hadithi kwa muuzaji.

Nina picha za mikanda kadhaa ya parachuti ambayo ningependa kununua, lakini zote zinafanana machoni pangu. Mikanda ya Waingereza, Wamarekani na Wajerumani inatofautianaje?
*Msomaji, Mombasa, Kenya*

Tafuta kwanza mahali ambapo kamba za parachuti ziliungana na mwili wa mrukaji. Kwa Waingereza na Wamarekani, mikanda minne mipana hupanda kutoka mabegani, miwili kila upande, hivyo mtu alining'inia wima na angeweza kuvuta upande mmoja ili kujielekeza kidogo. Parachuti za askari wa Kijerumani za aina ya RZ zilifuata wazo lililotoka Italia, ambapo kamba zote zilikusanyika mahali pamoja mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Mrukaji alijitupa mlangoni kichwa mbele akiwa ametandaza mikono, kisha akashuka akiwa ameinama kifudifudi bila namna ya kuielekeza parachuti. Alifika chini kwa mikono na magoti, na ndiyo maana vilinda-magoti vikubwa ni sehemu ya vazi lake. Kwa kuwa kuanguka hivyo ukiwa na bunduki ndefu kulikuwa hatari, silaha nyingi zilishushwa katika makasha yake yenyewe. Tarehe 20 Mei 1941, Wajerumani waliporukia kisiwa cha Krete, wengi walikufa kabla ya kuyafikia makasha hayo. Mikanda ya Kijerumani yenye pete mbili za kuning'inizia nyuma na isiyo na mikanda inayopanda mabegani inabeba historia yote hiyo, na mwigaji asiyeielewa hukosea hapo hapo.

Ndani ya kundi la Kijerumani, mfungo ndio unaotenganisha aina. RZ 16 iliyokuwa ikitumika mwaka 1940 ilifungwa kwa bizimu ambazo kuzifungua kulichukua muda, na askari aliyekwisha kutua huku risasi zikimlenga hakuwa na muda huo. RZ 20 iliyofuata mwaka 1941 ililetewa kulabu za kufunguka haraka zaidi.

Waingereza walitatua tatizo hilo vizuri kuliko wote, kwa kisanduku nitakachokifikia baada ya kueleza parachuti yenyewe. Katika mwezi Julai 1940, kwenye shule ya mafunzo ya Ringway karibu na Manchester, dereva wa jeshi Ralph Evans alikufa baada ya parachuti yake kujisokota. Kutokana na ajali hiyo Raymond Quilter wa kampuni ya GQ alibuni mpangilio mpya, ukaunganishwa na parachuti ya kampuni ya Irvin, na hivyo ikapatikana X. Kitambaa kiliwekwa ndani ya mfuko. Kamba iliyofungwa ndegeni iliushika mfuko huo, mrukaji akaanguka huku kamba zake zikinyooka kwanza, na kitambaa kikatoka mwisho kabisa. Kufunguka kwake kulikuwa laini na kwa kuaminika kiasi kwamba Waingereza walipigana vita vyote bila parachuti ya akiba. Kwa hiyo mikanda ya X haina mahali pa kufungia akiba kifuani wala tumboni, na ukiona pete za kazi hiyo, ama si X, ama mtu ameichezea. Alama yake kubwa ni kisanduku cha chuma cha mviringo kinachokaa tumboni: ndimi za mikanda huingia ndani yake, moja ikiwa imekazwa daima, na nyingine tatu huachiwa kwa pamoja mrukaji anapokigeuza kifuniko na kukipiga kwa kiganja.

Wamarekani walikuwa na mpangilio wa kinyume. Katika T-5, kamba ya ndegeni iling'oa kifuniko cha mkoba na kukivuta kitambaa kitoke kwanza, kamba zikafuata, na mshtuko wa kufunguka ulikuwa mkali hata vifaa vilivyofungwa vibaya vikaruka. Huenda ndiyo sababu mikanda yao ni minene na mipana kuliko ya wengine. T-5 ya mwanzo ilifungwa kwa kulabu tatu za chuma, moja kifuani na mbili mapajani, huku akiba ikikaa tumboni. Usiku wa Normandy, wengi walipotua kwenye mabonde yaliyofurika maji ya mto Merderet, kulabu hizo zilikuwa mtego, na wengine iliwabidi wajikate kwa visu. Baadaye mwaka huohuo mikanda ya T-5 ilianza kuwekewa kisanduku cha kufungulia cha mtindo wa Waingereza, na T-7, aina iliyoifuata, ikatoka nacho kiwandani. Nalisisitiza hili kwa sababu baadhi ya wakusanyaji huikataa mikanda ya T-5 yenye kisanduku wakidhani imeunganishwa na mlaghai. Chunguza mishono inayokishika kisanduku: ikiwa uzi wake ni wa aina na umri uleule wa mishono mingine, na alama za zamani za kulabu zinaonekana chini yake, una kitu cha kuvutia kuliko T-5 ya kawaida.

Picha zako mbili za mwisho si za askari wa miavuli. Mpini wa chuma wa kuvutia kwa mkono, uliofungwa kwenye mkanda wa kifua, ni wa mwanahewa aliyejifungulia mwenyewe baada ya kuiacha ndege. Mikanda ambayo haina mkoba kabisa ila vishikizo viwili kifuani ni ya wale waliovua mkoba wakiwa kazini na kuupachika hatari ilipotokea. Mipango miwili ilikuwapo, kulabu zikiwa kwenye mikanda na pete kwenye mkoba, au kinyume chake. Ukiuziwa mikanda na mkoba ambavyo vyote vina kulabu, havikuwahi kuwa seti moja.

Mkoba wangu una mihuri mingi ya namba. Ipi ni ya maana?
*Msomaji, Houston, Marekani*

Tafuta kwanza namba inayokataa, yaani ile ambayo haikuwezekana kuwapo wakati wa vita. Namba ndefu inayoanza na 1670 ni kundi la parachuti katika mfumo wa vifaa vya serikali ya Marekani ulioanza miaka ya 1950, na baadaye ukatumiwa na nchi za NATO. Namba ya mkataba inayoanza na herufi DSA ni ya miaka ya 1960 au baada yake. Kinyume chake, mkataba wenye W535 ac ni wa jeshi la anga la Marekani katika kipindi unachokitafuta, na AN6510 humaanisha parachuti ya kukaliwa, ilhali AN6513 ni ya kifuani. Majina kama Irvin, Switlik, Pioneer, Reliance na Eagle ni ya watengenezaji halisi, ila jina la kiwanda halitoi mwaka, kwa kuwa baadhi yao waliendelea kushona kwa miongo mingi.

Kwa vifaa vya Kiingereza, namba ya Wizara ya Anga inayoanza na 15A ndiyo ya parachuti, na herufi AM hukaa chini ya taji. Tazama umbo la taji hilo: la wakati wa mfalme lina matao yaliyopanda bila kubonyea katikati, na lile la baada ya Elizabeth II kutawala mwaka 1952 limebonyea. Mikanda ya X iliendelea kutumika hadi miaka ya 1960, hivyo taji linaweza kukuokolea fedha nyingi.

Uzi pia husema. Poliesta haikuwa uzi wa kawaida wa viwanda hadi miaka ya 1950. Mikanda ya vita kwa kawaida ilifumwa kwa pamba au kitani, na inapokuwa ya nailoni inayong'aa, mara nyingi ni ya baadaye. Taa ya urujuanimno husaidia, kwa kuwa nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu chini yake, lakini kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya leo nacho hung'aa. Aliyekufundisha kwamba taa hiyo hutoa hukumu alikurahisishia mno.

Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles na alipigana Burma. Ameacha kipande cha kitambaa kigumu kama gunia, chenye kamba zilizoshonewa ukingoni, na familia husema ni cha "mwavuli wa vita". Jirani anatucheka kwamba miavuli ya ndege haikutengenezwa kwa magunia. Nani ana haki?
*Msomaji, Nakuru, Kenya*

Jirani anacheka mapema. Katika mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya King's African Rifles, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye njia ambazo matope yalizifanya zisipitike kwa magari, na kufikia Desemba ikawa imevuka mto Chindwin. Safari yote hiyo ilitegemea kwa kiasi kikubwa chakula na risasi zilizodondoshwa na ndege za Dakota. Jeshi la Kumi na Nne la Jenerali William Slim halikuwa na parachuti za kutosha, kwani Ulaya ilipewa kwanza. Slim na maofisa wake walikwenda kwa wenye viwanda vya juti, nyuzi zinazofumiwa magunia, huko Calcutta, wakajaribu maumbo na mifumo tofauti, na wakapata parachuti ya juti kwa ajili ya mizigo, ambayo ilipewa jina la "parajuti". Kwa maelezo ya Slim mwenyewe, moja iligharimu zaidi kidogo ya paundi 1, wakati ya kawaida ilizidi paundi 20. Haikukusudiwa kubeba watu. Sanduku la nyama ya kopo halilalamiki likitua kwa kishindo.

Hilo halithibitishi kwamba kipande chenu ni cha aina hiyo, kwa sababu turubai na vifuniko vya mizigo navyo vilikuwa na kamba ukingoni. Angalieni kama kimekatwa kwa umbo la pembetatu lenye ncha iliyofinywa, kama kamba zinapita juu ya mshono kuelekea kwenye ncha hiyo badala ya kuishia ukingoni, na kama mfumo wa kitambaa ni wa wazi kiasi cha kupitisha hewa. Mambo hayo matatu yakikutana, mna kitu ambacho wakusanyaji wa Ulaya hukiona kwa nadra, maana parajuti zilitumiwa mara moja na kuachwa zioze porini. Msikifue. Andikeni yale ambayo wazee wanayakumbuka, mkitaja nani alisema nini, na mkiambatanishe na nakala ya kitabu cha utumishi cha babu, kama kipo.

Nimerithi parachuti ya hariri na mikanda yake. Hapa kwetu hewa ya bahari huharibu kila kitu. Niihifadhi vipi?
*Msomaji, Tanga, Tanzania*

Mwanga, unyevu na mikunjo ndivyo maadui, kwa mpangilio huo. Jua hudhoofisha hariri na nailoni hata kama rangi haijapauka, kwa hiyo usiitundike ukutani mbele ya dirisha. Ikunje kwa mikunjo minene iliyojazwa karatasi laini isiyo na asidi, uibadilishe mikunjo hiyo mara kadhaa kwa mwaka, na uiweke ndani ya mfuko wa pamba uliofuliwa bila rangi. Mfuko wa plastiki uliofungwa huhifadhi jasho na ukungu pamoja na kitambaa. Wadudu hupenda hariri kuliko nailoni, na mchwa hupenda kasha la mbao kuliko vyote viwili, basi liinue kasha kutoka sakafuni.

Tenganisha chuma na kitambaa kwa karatasi. Usipake mafuta kwenye kulabu au kisanduku kikiwa bado kimeshonewa mkanda, kwa sababu mafuta husafiri kwenye nyuzi na doa lake halitoki. Kutu nyepesi ipigwe kwa brashi kavu.

Mikanda yangu ya X haina kisanduku cha kufungulia. Muuzaji ananipa kingine cha kipindi hichohicho. Je, nikipachike? Na baada ya hapo naweza kuivaa kwenye maonyesho, au hata kuruka nayo?
*Msomaji, Muscat, Oman*

Kipachike ikiwa kinaingia bila kukata mshono wowote, kisha uweke ndani ya mkoba karatasi inayoeleza tarehe ya kukiongeza na mahali kilikotoka, ili atakayeinunua baada yako asidhani kwamba seti ilikuwa kamili tangu mwanzo. Ikiwa ulimi wa mkanda uliokazwa kwenye kisanduku unahitaji kushonwa upya, acha pengo lilivyo na ukionyeshe kisanduku kando yake. Unaweza kuivaa ukiwa umesimama kwenye maonyesho, mradi hakuna mtu atakayekuvuta kwa mikanda hiyo. Kuruka nayo, hata mara moja, hapana: pamba na kitani vya miaka 80 hukatika bila kutoa dalili, na hakuna ukaguzi wa macho unaoweza kukuhakikishia vinginevyo.